Tondozi ya Mzigo wa Bei Chee

Rahisi huvunja upishi, husema watu ambao hawajawahi kununua rezista 600 kwa bei ya sahani mbili za chipsi mayai. Mimi nimenunua. Nimenunua zaidi ya mara moja, tena nikiwa na akili zangu timamu, na leo nataka kumsifia muuzaji wangu wa mtandaoni kama malenga amsifiavyo bwana harusi aliyekwisha kumlipa. Sijawahi kumwona. Duka lake halina jina la kutamkika. Ni herufi sita zilizopangana kama bamba la pikipiki lililogongwa. Lakini wema wake hunifikia hapa Temeke kila baada ya wiki sita hivi, ndani ya bahasha ya plastiki ya kijivu.

Nianze na ukarimu wake. Sabufa ya jirani iliungua rezista moja, moja tu, ya 1K. Kuifuata Kariakoo ni daladala kwenda na kurudi, na nauli peke yake inaizidi bei ya rezista mara kadhaa. Mtandaoni hakuna anayekuuzia moja. Ukitaka moja unapewa mia, na ukitaka mia unashawishiwa uchukue kifurushi kizima: thamani 30, kila thamani pisi 20, usafiri bure. Ni duka gani la mtaani unaingia kutaka kiberiti ukatoka na kuni za mwaka mzima? Sabufa niliitengeneza, nikabaki na rezista 599, na mtu mwenye rezista 599 hawezi tena kuishi kama zamani. Anaanza kuzitazama redio za majirani kwa jicho la fisi.

Watu huniuliza usafiri unakuwaje bure. Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa Bern, Uswisi, mwaka 1874, ndio unaopanga viwango ambavyo posta ya nchi moja huilipa posta ya nchi nyingine ili imalizie kufikisha kifurushi mlangoni. Kwa miaka mingi China ilihesabiwa pamoja na nchi zinazoendelea, basi bahasha ndogo kutoka Shenzhen ikawa inaweza kufika Marekani kwa gharama ndogo kuliko ile ya Mmarekani kumtumia Mmarekani mwenzake. Mwaka 2018 Washington ikatangaza kwamba inajitoa. Mwaka 2019 ukaitishwa mkutano maalumu Geneva, viwango vikarekebishwa. Hebu fikiria, mabalozi wamevaa suti, wamewekewa maji ya chupa, wanajadili bahasha za dayodi! Dayodi zangu za mwisho nilizipima zote mia, thelathini zilikuwa maiti. Lakini ukoo wao umejadiliwa Geneva, na hilo si jambo dogo.

Halafu kuna lugha. Programu ya duka hujitafsiri yenyewe kwa Kiswahili, na Kiswahili chake kimenichekesha kuliko vichekesho vya runingani. Pini za kuchomeka zimeandikwa "kiume na kike, arobaini, wanaweza kutengana". Ule ubao mweupe wenye matundu, wa kujaribia saketi bila kuchomea, umeitwa "ubao wa mkate". Nilicheka mpaka nikaja kusoma kwamba wapenzi wa redio wa enzi zile walikuwa kweli wakipigilia vifaa vyao juu ya mbao za jikoni za kukatia mkate, ndipo jina likaganda. Mashine ilikuwa imebahatisha ukweli.

Mzigo ukifika, tunaumwaga juu ya sinia la kuchagulia mchele, maana kazi ni ileile ya kutoa chuya. Kijana wangu wa kazi anakaa upande huu, mimi upande ule, mita katikati. Rezista zenyewe ni za samawati, na juu ya samawati hiyo kahawia, nyekundu na chungwa ni ndugu watatu waliovaa sare. Chukua hii ya 1K yenye mistari mitano: kahawia, nyeusi, nyeusi, kahawia, kahawia. Igeuze kichwa chini. Sasa ni kahawia, kahawia, nyeusi, nyeusi, kahawia, yaani ohmu 110, nayo ni thamani halali inayouzwa madukani. Kwenye rezista ya heshima mstari wa mwisho huachiwa nafasi kidogo ili ujue pa kuanzia kusoma. Hapa umebanwa na wenzake kama abiria wa Mbagala saa kumi na mbili jioni.

"Mzee, hii ni ngapi?"

"Umeipima?"

"Nimeisoma."

"Sijakuuliza habari ya kusoma."

Kijana akajifunza kazi hivyo hivyo. Wenzake waliokulia kwenye vifaa vya oji hupima kitu kikishaharibika. Wa kwangu hupima kila kitu kabla hakijamgusa. Siku hizi hata nikimlipa, noti ya elfu kumi anaiinua kwenye mwanga kwanza, mbele yangu, bila aibu. Chuo gani kingempa elimu hiyo kwa dola 3?

Lakini utamu wenyewe uko kwenye 2N3055. Wanaojua sabufa na amplifaya wanaijua: ile transista nene ya kopo la chuma, yenye masikio mawili ya kupitisha skrubu, inayosukuma spika tangu miaka ya 1960. Karatasi yake inasema ampea 15 na wati 115. Niliagiza kumi. Zikaja zinang'aa, maandishi yamenyooka, nzuri kuliko mpya. Ya kwanza ilikata roho kwenye sherehe ya kumtoa mwali, katikati ya wimbo, bila moshi wala kishindo, kwa adabu kabisa. Ya pili ikamfuata mwenzake kabla akina mama hawajamaliza kuzomea.

Usiku ule niliibana ya tatu kwenye jiriwa, nikaikata kifuniko kwa msumeno wa chuma. Ndani, katikati ya uwanja mpana wa chuma kitupu, kulikuwa na kipande cha silikoni kisichozidi punje ya mtama. Nikakata na nyingine, kuukuu, niliyoing'oa kwenye amplifaya ya zamani ya mzee mmoja. Chake kilikuwa kama ukucha wa kidole cha mwisho. Nikaziweka pamoja chini ya taa. Nyumba ni ileile, vyumba vitatu na sebule, lakini hii moja mpangaji wake ni sisimizi. Na kwa haki ya Mungu sikuona pa kumshtaki muuzaji. Niliagiza transista, na transista ilikuwemo.

Betri zake nazo zina tabia hiyo hiyo. Zile za 18650 zimeandikwa 9,900 mAh, na viwanda vinavyoheshimika havijafikisha hata nusu ya namba hiyo ndani ya kopo la milimita 18 kwa 65. Aliyenigundulia siri ni mke wangu, kwa mizani yake ya keki. Betri ya kweli ina gramu 45 hivi. "Baba watoto," akasema, "hizi umenunua maganda." Zilikuwa na gramu 27. Yaani muuzaji alinipunguzia hata uzito wa kubeba.

Ili nisidanganywe tena nikanunua kipima vifaa, kidude chenye skrini ndogo: unachomeka transista kwa miguu yoyote, kinakuambia ni aina gani na mguu upi ni upi. Ubunifu wa asili ni wa Mjerumani, Markus Frejek, ukaendelezwa na mwenzake Karl-Heinz Kübbeler, wakauacha wazi kila mtu autumie. Shenzhen wakautumia. Nilikinunua wapi? Kwa muuzaji yuleyule. Mshtakiwa ameniuzia mizani ya hakimu, na mpaka leo mizani haijakosea.

Wanaonicheka ninawapeleka Marekani. Mwaka 2012 kamati ya Seneti inayosimamia majeshi ilitoa ripoti: visa takriban 1,800 vya vifaa vya elektroniki vinavyoshukiwa kuwa feki vilivyopenya kwenye ugavi wa jeshi, vipande zaidi ya milioni moja, vingine ndani ya ndege. Asili ya vingi ilikuwa China. Miongoni mwa sehemu zilizojulikana kwa kazi hiyo ni Guiyu, mkoani Guangdong, ambako bodi za kompyuta zilizotupwa ziliwekwa juu ya jiko la makaa mpaka risasi iyeyuke, aisii zikachambuliwa kwa koleo kama dagaa. Zilipotoka hapo zilioshwa, namba ya zamani ikasuguliwa, ikapigwa mpya. Kwa hiyo mimi wa Temeke na rubani wa Marekani tunakula sinia moja. Tofauti ni kwamba yeye alilipishwa bei ya oji.

Yuko mfanyabiashara wa Kariakoo, sitamtaja, ambaye kila akiniona husema, "Fundi, bado unaokota takataka za mtandaoni?" Juzi nilinunua kwake kapasita tano kwa dharura. Akainama chini ya kaunta, akaibuka na boksi. Utepe ni uleule wa kahawia, herufi ni zilezile za Kichina, hata neno la Kiingereza ubavuni limekosewa palepale linapokosewa kwenye bahasha zangu. Bei tu ndiyo iliyokuwa ya oji. Nikalipa, nikamwambia ahsante bosi.

Kuhusu zile dayodi thelathini, nilimwandikia muuzaji, nikamwekea na picha ya mita. Jibu lilikuja usiku huohuo: "Rafiki mpendwa, pole kwa usumbufu, tafadhali usifungue mgogoro, tutakutumia mia nyingine bure." Ndugu zangu wa damu ninawadai, nao hunikwepa mwaka mzima bila hata neno pole. Mia nyingine zikaja baada ya wiki saba. Nikazipima zote. Nilikuwa na mbovu thelathini. Sasa ninazo sitini na tatu. Nikampa nyota tano.

Binti yangu mdogo alikuwa akitutazama siku nyingi tukichambua. Jumapili iliyopita akaokota rezista za 1K zilizobaki pembeni ya sinia, akazisokota miguu moja baada ya nyingine, kumi na sita, akatengeneza bangili. Rangi zinapendeza, kama shanga. Akaivua, akainyoosha juu ya sinia, akataka nayo ipimwe kama vitu vya watu wengine. Nikaweka ncha za mita mwanzo na mwisho wa bangili. 15.97K.

"Ya kweli, baba?"

"Ya kweli."

Akauliza kama anaweza kupata na zile nyeusi zenye mstari wa fedha, za kuvaa shingoni. Nikamhesabia sitini na tatu.