Shangazi Kitufe: Simu Yako Inadhani Iko Wapi?

Barua zenu nimezisoma zote, nyingine mara mbili kwa sababu ya mwandiko. Kila mtu analalamika kwamba simu yake imepata wazimu. Haina wazimu. Simu inayouzwa soko la Ruvumera huenda imepitia Dubai, ikalala Dar es Salaam au Kigoma, ikashikwa na mikono mitatu kabla ya wako, na kila mkono umeiachia neno. Wewe umeilipia, ukatia layini, ukaanza kupiga. Nani aliyeiambia kwamba sasa inakaa Bujumbura?

*Shangazi, shikamoo. Jirani alinikopesha faranga za ada ya mtoto. Nikamwandikia kwa adabu: "Asante sana kaka." Tangu siku hiyo ananipita kama mti. Juzi binti yangu anayesoma Kifaransa akanionyesha kile kilichomfikia: "Asante sans caca." Nimekwisha. — Mwenye Aibu, Buyenzi*

Marahaba mwanangu. Nimecheka kwanza, nisamehe, halafu nikavaa miwani.

Kibodi ya simu yako imelelewa na Kifaransa peke yake. Neno isilolijua huliona ni kosa, nayo hulivuta hadi kwenye neno la jirani inalolijua. "Sana" haimo katika kamusi yake, ikaona ulitaka kusema "sans". Ilipofika kwa "kaka"... basi, mtoto yeyote wa shule ya Rohero atakueleza kilichotokea. Na ushukuru haikuwa rambirambi. Ninaye msomaji wa Nyakabiga aliyemwandikia mfiwa "pole", ikaenda "pôle", na mfiwa akabaki anajiuliza habari za barafu zimeingiaje msibani.

Dawa iko hivi. Fungua ujumbe wowote kana kwamba unaandika. Ikiwa kibodi yako ni ile ya Google, na simu nyingi za Android ndiyo zilizo nayo, bonyeza alama ya koma bila kuachia mpaka kitokee kigurudumu cha mipangilio. Ingia kwenye lugha, ongeza kibodi, tafuta Kiswahili. Ukikuta cha Kenya na cha Tanzania usihangaike kuchagua, kaka ni kaka pande zote. Kifaransa kiache palepale, utakihitaji kwa barua za ofisini. Kuanzia hapo ukishikilia kile kitufe kirefu cha nafasi utaulizwa unataka lugha gani. Kisha rudi kwenye mipangilio ile ile, sehemu ya kusahihisha maandishi, uzime usahihishaji wa moja kwa moja. Mapendekezo ya maneno yaache. Pendekezo hukuuliza kwanza, usahihishaji hukuamulia.

Jirani usimwandikie tena. Mpelekee samaki wawili, mukeke wa kuchoma, umwambie kwa mdomo.

*Shangazi, mimi nauza mawese, nakwenda Kigoma na kurudi. Simu niliyoinunua kule inanitangulia kwa saa moja. Wateja wakiniambia saa tatu, nafika nakuta maduka yamefungwa. Tena Ramadhani iliyopita niliitegea kengele ya daku saa kumi, ikalia jua limeshapanda. — Anayewahi Bure, Bwiza*

Ndugu, una maradhi mawili, usiyatibu kwa kidonge kimoja.

La kwanza ni ziwa letu. Nchi nne zinanawa maji ya Tanganyika: Burundi, Kongo, Zambia na Tanzania. Tatu, kwa upande wa ziwani, zinakwenda kwa saa ileile. Tanzania peke yake iko mbele. Saa moja asubuhi ya Kigoma, kwetu bado ni saa kumi na mbili. Aliyekuuzia alizima kile kitufe kinachoiruhusu simu kupokea saa kutoka kwa mtandao, ikabaki mkazi wa Kigoma. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya tarehe na saa. Simu ikiwa kwa Kifaransa, mipangilio wameiita Paramètres. Washa saa ya mtandao, na pia ukanda wa saa wa mtandao, maana ni vitufe viwili na watu husahau cha pili. Ikikataa, vizime vyote, uchague Bujumbura mwenyewe.

La pili ni lako na la wazee wetu. Sisi tunahesabu saa tangu jua lichomoze, na Warundi wanaosema Kirundi vivyo hivyo. Simu inahesabu tangu usiku wa manane, kama Mfaransa. Saa kumi ya daku kwake ni 04:00. Uliandika 10:00, nayo ikakuamsha saa nne asubuhi kwa saa yake, mtiifu kabisa. Ongeza sita au toa sita kabla ya kutega. Siku uliyofunga bila daku Mungu anaijua.

*Shangazi, nina sekretaria ndogo karibu na soko. Kompyuta inakataa neno langu la siri, na umeme ukikatika asubuhi yake kurasa za intaneti zinaniambia si salama. Nimerogwa? — Mpiga Chapa, Buyenzi*

Hujarogwa, umeletewa mashine ya Dubai. Vitufe vyake vimechapwa kwa mtindo wa Kiingereza, herufi ya kwanza ya safu ya juu ni Q. Ndani, aliyekufungia programu ameiwekea mtindo wa Kifaransa tuliosomeshwa sisi, unaoanza na A. Basi macho yanaona hili na mashine inasikia lile. Jaribu kuandika "wazazi" mahali maandishi yanapoonekana. Ikitoka "zqwqwi", umeshampata mchawi wako. Shika kitufe chenye alama ya Windows, gusa kitufe cha nafasi, utaona kule chini karibu na saa FRA inageuka ENG. Fanya hivyo kabla ya kuandika neno la siri, maana pale herufi zimefichwa nyuma ya nukta na kosa hulioni.

Na kurasa? Tazama tarehe ya kompyuta. Nakuwekea dau la chai kwamba inasoma mwaka uliopita zamani. Ndani yake kuna betri ya duara kama sarafu, CR2032, inayoitunzia saa umeme unapokuwa haupo. Imekufa. Kila tovuti ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kompyuta inayoamini tuko mwaka 2009 inaona vyeti vyote bado havijazaliwa. Mwambie fundi akubadilishie hiyo betri, ni kazi ya bisibisi na dakika kumi. Ukirekebisha saa, orodha ya Windows haina jina la Bujumbura. Chukua mstari wa Harare na Pretoria. Ukichukua Nairobi utakutana na yule muuza mawese mbele ya duka lililofungwa.

*Kamati ya harusi inanimalizia megabaiti. — Mjumbe, Kinama*

WhatsApp, mipangilio, hifadhi na data: ondoa alama zote za kupakua picha na video kwa data ya simu. Utafungua unayoitaka. Keki ya maharusi utaiona siku ya harusi.

*Mpwa wangu ameniandikia nimtumie tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yangu. — Bibi, Kanyosha*

Usitume. Aliyeandika ni mtu aliyekwisha kuiba akaunti ya mpwa wako, sasa anaitaka yako. Mpigie mpwa usikie sauti yake. Halafu leo hii washa uthibitishaji wa hatua mbili katika WhatsApp, uweke namba ya siri yako, na isiwe tarehe uliyozaliwa.

*Shangazi, simu ya mama inaongea peke yake. Kila anapoigusa inasoma kwa sauti, tena haifunguki mpaka aguse mara mbili. Ameifunga kwa kitenge ndani ya sanduku. Tumemwita sheikh aje kuisomea. — Watoto Wake, Buyenzi*

Hicho ni TalkBack, msomaji aliyewekwa na Google kwa ajili ya wasioona. Mama aliibana simu mkobani, akabonyeza vitufe viwili vya sauti kwa pamoja, msomaji akaamka. Itoeni kwenye kitenge, bonyezeni tena vitufe hivyo viwili, mhesabu sekunde tatu. Sheikh akiwa ameshafika, mwacheni asome, na nyinyi mbonyeze polepole wakati wa dua. Chai yake apewe.