Barua ya Wazi kwa Kamati Ambayo Haijakaa

Januari 12

Kwa Wajumbe wa Kamati ya Ufadhili wa Utafiti,
Popote mlipo, maana ukumbini hampo.

YAH: OMBI LANGU LA FEDHA ZA UTAFITI, LILILO KATIKA HATUA ZA MWISHO TANGU MWAKA JUZI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu, kwani kwa miezi 16 nimehusika nacho peke yangu.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamivu. Agosti 31 mwaka juzi niliwasilisha kwenu andiko la utafiti kuhusu mwani unaokufa kwa joto pwani ya mashariki ya Unguja. Tangazo lenu lilisema dirisha litafungwa saa 9:30 alasiri, na kwamba maombi yatakayochelewa hayatapokelewa. Niliamini. Nililala chuoni siku mbili, umeme ukakatika, ukarudi, nikatuma saa 9:22. Tangazo hilohilo lilisema majibu yatatolewa ndani ya siku 90. Hilo nalo niliamini, na ndipo nilipojifunza kwamba sentensi mbili za ukurasa mmoja zinaweza kuwa na dini tofauti: ile ya dakika zangu ilikuwa sheria, ile ya siku zenu ilikuwa dua.

Nikipiga simu naambiwa kamati haijakaa. Mwanzoni nilidhani ni lugha ya ofisi tu. Sasa nimeanza kuwaza kuhusu viti. Nyumbani kwetu kuku akikaa, hukaa siku 21. Hali vizuri, hajibu salamu, hana posho ya kikao, lakini siku zikitimia ganda hupasuka. Sisemi kwamba kuku ana utaratibu bora kuliko wenu. Nasema tu kwamba yeye hukaa.

Lakini nisiwe mchoyo wa shukrani, mmewahi kuniandikia. Februari mwaka jana mlitaka vyeti vyangu upya, vikiwa na muhuri wa wakili, ndani ya siku 3. Nikakopa nauli, vikapigwa muhuri, nikavituma siku ya pili. Mei mkataka bajeti katika jedwali jipya, ambalo ni lile la zamani lililoongezwa safu moja iitwayo "Maoni". Niliiacha tupu, na hadi leo najuta. Tangu hapo ukurasa wangu katika mfumo wenu una neno moja tu: "Linashughulikiwa". Huliangalia alfajiri kabla ya chai na usiku kabla ya kulala. Mama yangu, ambaye hapendi mtu asemwe kwa ubaya, amenionya: "Mwanangu, usiwalaumu. Watu wakinyamaza hivyo, pengine wamefiwa."

Huenda mkajiuliza mwombaji wenu anaishije. Ninaishi vizuri. Mchana nachapa na kupanga tasnifu za wenzangu waliofadhiliwa, kwa malipo ya kila ukurasa. Kwa hiyo nami naweza kutamba kwamba nimenufaika na fedha za utafiti. Jioni nafundisha twisheni ya biolojia. Vijana niliowaanza wakiwa kidato cha pili, mwezi ule nilipotuma ombi, sasa wameingia cha nne. Wamevuka madarasa mawili wakifundishwa na mtu ambaye hajavuka neno moja. Waombaji tuna kundi letu la WhatsApp, na kila Ijumaa hatukosi mmoja wa kuandika kwamba amesikia kutoka ndani: ni wiki ijayo. Mwenzetu mmoja amechoka, ameacha masomo na kufungua duka la vifaa vya simu. Ndiye pekee kati yetu ambaye akiulizwa swali na mteja hujibu siku hiyohiyo.

Yote hayo ni yangu, na tumbo langu limeyazoea. Ninachowaandikia ni cha bahari.

Waheshimiwa, huenda andiko langu halijafunguliwa, basi niwaeleze kwa ufupi. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, na Paje ni miongoni mwa vijiji vya mwanzo. Wakulima wengi ni wanawake. Hupigilia vijiti mchangani, huvuta kamba, hufunga vipande vya mwani kwa taitai, kisha husubiri siku 45 hivi kabla ya kuvuna. Mwani huo husafirishwa ng'ambo na kukamuliwa ute unaotiwa katika dawa ya meno na aiskrimu. Upo mwembamba, spinosamu, na upo mnene, kotonii, wenye bei nzuri zaidi. Ni huo mnene ulioanza kufa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Maji yakipata moto, matawi hugeuka meupe, hulegea, hukatika, na mkulima hubaki na kamba tupu mkononi.

Kazi hiyo haifanywi siku yoyote mtu apendapo. Hufanywa wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari inapotoka mbali na mtu akaweza kutembea hadi shambani. Siku za maji mafu shamba halifikiki vizuri. Na joto ninalolitafuta huja na kaskazi, kati ya Desemba na Machi. Andiko langu linaomba shilingi milioni 7 na laki 4, za vipimajoto vya kuzamisha majini, kamba, nauli na malipo ya wakulima wasaidizi, kwa kaskazi moja. Siku zenu 90 zilikuwa ziishe mwishoni mwa Novemba mwaka juzi. Nilizipigia hesabu hizo kwa makusudi: mnajibu, natweka tanga, kaskazi inanikuta majini.

Kaskazi ile ilipita. Hii ya pili imeshaingia nami ningali natazama neno moja. Tangu siku niliyotuma ombi bamvua limekuja na kuondoka zaidi ya mara 30, na mwani ungeweza kupandwa na kuvunwa mara 11. Yupo bibi mmoja mkulima pale Paje aliyekubali nitumie kamba zake kwa utafiti. Kila nikienda kumsalimu huniuliza habari zenu. Safari ya mwisho alinitazama kwa huruma, akaniuliza: "Mwanangu, hao wenzio wana saa ukutani. Mwezi hawauoni?" Nikamwambia ofisi zao zina mapazia. Akatia mguu majini na kuutoa. "Basi waambie maji yashakuwa moto. Mguu wangu hauhitaji kikao."

Sasa tuchukulie mmekaa. Tuchukulie mmenikubalia, na fedha zimetoka Juni 10, kama fedha nyingi zinavyopenda kutoka mwaka wa fedha unapokaribia kufungwa. Nitakuwa na siku 20 za kuzitumia na kurejesha masurufu kabla ya Juni 30, pamoja na risiti ya kielektroniki kutoka kwa bibi anayeniuzia mbegu ya mwani akiwa amesimama majini hadi magotini. Mwani unataka siku 45. Mhasibu anataka 20. Najua ni nani kati yao atakayeshinda, kwa sababu mwani hauna saini.

Na hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba Juni ni kusi. Maji yamepoa, upepo ni mzuri, mwani umenawiri. Nitazamisha vipimajoto vyenu na vitasoma baridi. Nitahesabu matawi na yatakuwa mazima. Nitaandika ripoti safi, yenye majedwali na ile safu ya "Maoni", nikieleza kwamba katika kipindi cha utafiti huu mwani haukuonekana kufa kwa joto. Kila neno litakuwa kweli. Mtaipokea, mtaipongeza, pengine mtaizindua ukumbini kwa mapambo. Wahenga walisema chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Mimi nitakuta mwani si wangu, na ninyi mtaniandikia hati ya kuzaliwa.

Hapo ndipo kejeli yangu inapoishia, kwa sababu sioni tena cha kuchekesha. Tumezoea kuhesabu ucheleweshaji kuwa adha ya mwanafunzi: ada inayoongezeka, miaka inayopita, mchumba anayeuliza. Adha hiyo hubebeka. Isiyobebeka ni kwamba jibu likichelewa hubadili kile kitakachojulikana. Anayetafiti mafuriko hupewa fedha kiangazi. Anayetafiti njaa hupewa fedha baada ya mavuno. Kisha tunashangaa kwa nini makabati yetu yamejaa ripoti zinazosema mambo si mabaya sana.

Najua fedha ni chache. Mwaka 2006, mjini Khartoum, Umoja wa Afrika ulizihimiza nchi wanachama zitenge angalau asilimia 1 ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti na maendeleo yake. Nchi nyingi hazijafika, na lengo hilo nalo, nadhani, liko katika hatua za mwisho. Sikuja kuwadai asilimia. Ninadai tarehe. Tarehe haina bajeti, haihitaji jedwali jipya, haitozwi kodi, wala haisubiri kibali cha hazina.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, saa ile mnayotufungia dirisha iwafunge na ninyi: siku 90 ziwe siku 90. Pili, kila andiko liulizwe linataka msimu gani, na anayehitaji kaskazi ajibiwe kabla ya kaskazi. Tatu, kama jibu langu ni hapana, niambieni hapana. "Hapana" ya Novemba ningeifanyia kazi: ningeazima kipimajoto kwa mfuga ng'ombe, ningelala kwa bibi, ningepima kamba mbili badala ya 20. Neno "Linashughulikiwa" halinipi hata ruhusa ya kukata tamaa.

Yamebaki mabamvua machache kabla kaskazi haijaisha. Bibi ameniwekea kamba mbili za kotonii pembeni ya shamba lake, bila andiko, bila kikao. Nitakwenda.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika hatua za mwisho,

Mwombaji wa mwaka juzi

Nakala: Bibi wa Paje, kwa taarifa.