Yes, Sina

Kitabu changu cha sarufi ya Kiingereza hakikuwa na majibu. Ni kile cha Raymond Murphy chenye jalada la buluu, ambacho tangu 1985 kimewatoa jasho watu wa kila bara, ila changu kilikuwa fotokopi niliyopigiwa Kisii mjini, na pesa zikaniishia kurasa chache kabla ya mwisho. Huko mwisho ndiko majibu yalikokuwa. Basi kwa miezi mitano nilijaza mapengo, nikajisahihisha mwenyewe na kujipa alama za kupendeza. Sijawahi kuwa na mwalimu mwenye huruma kama yule.

Mimi ni muuguzi. Wakati huo nilikuwa nyumbani Magwagwa, Nyamira, diploma yangu ikiwa ndani ya bahasha ya kaki na ajira ya serikali ikiwa ndani ya uvumi. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilikuwa zimetia saini makubaliano ya kuwapeleka wauguzi wetu kufanya kazi kule. Tukashangilia. Kisha mwaka 2022 waziri wa afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, akalitangazia taifa kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliofaulu walikuwa 10. Mama alizisikia habari hizo redioni akiwa anachambua mboga za chinsaga. Aliweka kitawi chini.

“Hao mia mbili na tisini,” akauliza, “walikuwa wakitibu watu kwa lugha gani?”

(Hapa nitasema mama ili tusikilizane. Kwa Kigusii mama huitwa baba, na baba huitwa tata. Lishike hilo, litaniponza baadaye.)

Mtihani wenyewe ni IELTS, ulioanza 1989: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, alama ya juu ikiwa tisa. Baraza la wauguzi la Uingereza linataka saba kila mahali, ila kwenye kuandika linakusamehe nusu. Nilipojipima kwa jaribio la bure mtandaoni niliambiwa niko B2, yaani ngazi ya nne kati ya zile sita zilizotangazwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001. Kwa maelezo yangu mimi, mtu wa B2 anaweza kujadili mabadiliko ya tabianchi kwa nusu saa, lakini umpeleke dukani atakwama akitafuta jina la kifuniko cha sufuria.

Kumwambia mtu aliyesoma Kenya kwamba Kiingereza chake ni cha nne kati ya sita ni kumtukana. Mimi nimevaa diski shingoni! Kwa wasioijua, diski ni kile kibao chenye kamba alichovishwa mtoto aliyenaswa akisema lugha ya nyumbani, naye akatembea nacho akimtegea mwenzake ateleze ili amvishe. Niliwahi kukaa nayo kutwa nzima kwa sababu siafu aliniuma na maumivu hayakungoja tafsiri. Halafu zile insha tulizoandika! Kila asubuhi jua lilitabasamu, kila mtoto alichomoka kitandani kama risasi, na kila aliyefurahi alifurahi kama mfalme. Hakuna mtoto wa Nyamira aliyewahi kuamka taratibu kwenye insha ya Kiingereza.

Lakini IELTS haitaki risasi wala mfalme. Sehemu ya kuandika hukupa mchoro wa takwimu na kukutaka uueleze kwa maneno yasiyopungua 150, ukijipimia kama dakika ishirini. Michoro sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni risiti za mama za kituo cha majani chai, zilizochomekwa kwenye msumari nyuma ya mlango tangu Januari. Nikazishusha, nikajumlisha kilo za kila mwezi, nikachora mstari mzuri kwa rula, kisha nikaandika kwa Kiingereza kilichopigwa pasi kwamba mavuno yaliporomoka ghafla Februari, yakajikokota Machi, yakapanda kwa kasi na kufika kilele Mei, kisha yakatulia. Mama alitaka kujua ninamwandikia nani habari za chai yake. Nikamtafsiria.

“Yaliporomoka Februari,” alirudia. “Februari ulikuwa wapi?”

“Nilikuwa nasoma.”

“Basi liandike na hilo. Andika yaliporomoka kwa sababu mwenye mikono alikuwa anasoma.”

Nikamweleza kwamba mtihani hautaki sababu, unataka kinachoonekana kwenye mchoro tu. Aliniangalia kwa muda, kama anavyomwangalia karani wa mizani anapopunguza kilo kwa ajili ya maji.

“Ni mtihani mzuri kwa wavivu,” akasema, akanikabidhi kikapu.

Tangu siku hiyo nilisomea shambani. Niliandika vitenzi kwenye vipande vya katoni nikavichomeka kwenye michai, kila mstari na kitenzi chake, na nikawa nachuma majani mawili na chipukizi huku nikisoma kwa sauti. Vitenzi vyenyewe ni vile ambavyo Mwingereza huchukua neno la kawaida, akalifunga mkia mmoja au miwili, na maana ikahama kijiji. Mama alikikuta kipande cha “put up with” kwenye mstari wake.

“Put si ni weka?”

“Ndiyo.”

“Up ni juu. With ni pamoja na. Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo ni kuvumilia.”

Alichuma mchai mzima kimya. Kisha akauliza, “Kwani walimweka juu pamoja na nani?” Sikuwa na jibu, na kitabu changu, kama nilivyosema, hakikuwa nalo pia. Lakini neno lilimwingia. Hata leo akichoshwa na jirani mwenye mbuzi wasiofungwa, husema yule amemweka juu miaka kumi.

Sehemu ya kusikiliza ndiyo iliyonivunjia heshima. Rekodi huchezwa mara moja tu, na jibu ulilolikosa ndilo hilo limekwenda. Nikajiwekea sheria hiyo hiyo nyumbani: simu mezani, sauti hadi mwisho, kucheza mara moja. Sasa, huku kwetu mvua hupenda kuja alasiri, na nyumba yetu ni mabati bila dari. Mwanamke wa kwenye rekodi, mwenye lafudhi ya Australia, angeongea vizuri sana kuhusu kukodi chumba, bei, jikoni, mahali pa kuegesha gari. Na hasa pale anapoanza kutaja herufi za jina lake moja moja, mbingu zingefunguka. Nilijaribu kujifunika blanketi na simu. Nilijaribu uvungu wa kitanda. Herufi nilizowahi kuzipata zilikuwa tatu.

Jirani aliyekuja kujikinga mvua ukumbini alisikia zaidi yangu. Kufikia siku ya soko, Magwagwa nzima ilijua kwamba nina mzungu chumbani, kwamba anatafuta nyumba, na kwamba ana gari. Wazee wawili walinipongeza. Mama aliulizwa mahari inakwenda upande gani ikiwa bibi arusi ndiye mwenye gari, naye akajibu kwamba jambo hilo bado liko kwenye kikao.

Siku ya mtihani ilipokaribia nilipanda gari la usiku kupitia Kericho na Nakuru, kitabu mapajani, nikifanyia mazoezi ile sarufi ya majuto. Kiingereza kinahitaji msafara mzima wa maneno kusema kitu ambacho Kiswahili hukisema kwa -ngali- na kulala. Niliipenda. Nilikuwa nayo sentensi moja ndefu ya “had I known” ambayo niliapa itaingia mtihanini hata kwa dirisha.

Mlangoni mwa kituo cha mtihani kulikuwa na kijana mwenye fulana ya usalama, aliyeongea Kiingereza kwa sababu siku hiyo kila mtu aliogopa kuongea kingine.

“You don't have a phone with you?”

“Yes,” nikamjibu kwa ujasiri.

Akanyoosha mkono. Nami nikanyoosha wangu, tukasalimiana. Akarudia swali, nikarudia jibu. Ndipo aliponipeleka kando na kunipapasa kuanzia kola hadi soksi. Ningekuwa na kitabu chenye majibu labda ningejua mapema. Sisi mtu akikuuliza “huna simu?” unamwitikia “ndiyo, sina.” Ndiyo yetu ni ya adabu, inamwelekea aliyeuliza: umesema kweli, mwenzangu. “Yes” ya Mwingereza haimjali aliyeuliza hata kidogo, inakwenda moja kwa moja kwenye simu. Nilikuwa nimekiri, mbele ya mashahidi, kwamba ninayo.

Simu hakuipata. Alipata ndizi mbivu mbili ndani ya koti, alizozifunga mama kwenye gazeti.

“And you are not carrying any written material?”

“Yes,” nikasema tena, maana ulimi hauna breki.

Akalikunjua lile gazeti na kulisoma pande zote mbili, polepole. Lilikuwa ukurasa wa matangazo ya vifo. Akanipa pole, akazibakisha ndizi.

Kusikiliza, kusoma na kuandika vilipita kama homa. Kisha nikaingizwa kwenye chumba kidogo chenye mtahini mmoja mpole, kinasa sauti na kadi. Kadi ilisema nimweleze mtu aliyenifundisha jambo muhimu. Unapewa dakika moja ya kujipanga na mbili za kusema. Nikamchagua mama. Sentensi ya “had I known” ilitoka bila mkwaruzo, na nikaona kalamu ya mtahini ikicheza. Hapo moyo ukatulia, na moyo ukitulia ulimi hurudi nyumbani. Kiswahili na Kigusii havina muda wa kuuliza jinsia ya mtu: analima, anapika, amejifungua, yote ni a-. Nikasikia sauti yangu ikisema kwa Kiingereza safi kwamba mama yangu, “he,” ni mkulima. “He” aliniamsha mapema. Na kwamba “he” alinizaa nyumbani msimu wa mvua bila msaada wa daktari.

Kalamu ilisimama.

Ningenyamaza ningepona. Lakini nilitaka kutengeneza. Nikamweleza kwamba mtu huyo kwetu tunamwita baba, neno ambalo kwa Kiswahili ni mzazi wa kiume, ila yeye ni wa kike, kwa kuwa wa kiume ni tata, na tata kwa Kiswahili ni matatizo. Nilikuwa bado namweka tata mahali pake mtahini alipoinua kiganja: dakika mbili zimekwisha. Sehemu inayofuata huwa ni maswali mapana yanayotokana na kadi yako. Aliinama, akaandika kitu, akainua uso.

“Would you say that the roles of mothers and fathers are changing in your country?”

“Yes,” nikasema. Kwa siku nzima ile, hiyo ndiyo “yes” pekee iliyokaa mahali pake.

Matokeo yalikuja: kusikiliza saba na nusu, kusoma saba, kuandika saba. Kuzungumza, sita na nusu. Nimeruka vichaka vyote nikajikwaa kizingitini, kwenye “yeye.” Mama nilimwambia ninarudi mtihanini tena kwa ajili ya kuzungumza, naye akasema basi chai ya Februari tuihesabu imeporomoka.

Wiki iliyofuata nilikuwa nimepeleka majani kituoni, simu nimeiacha kwenye chaji. Wakala wa Nairobi, anayeshughulikia makaratasi yangu, akapiga. Mama akapokea. Anayajua maneno mawili ya Kiingereza na anayajua vizuri. Alinisimulia mazungumzo yote niliporudi, na mimi nimeyapanga upya kadiri nilivyoelewa. Wakala aliuliza kama sipo nyumbani. Mama akasema “yes.” Wakala akashukuru, akaomba apewe mimi. Mama akasema “no.” Wakala akauliza, kwani hayupo? Mama akasema “yes.” Wakala akasema basi atangoja kwenye laini. Na kweli akangoja.

“Bado yumo?” nikauliza, nikiichomoa simu kwenye chaji.

“Alikata mwenyewe,” mama akasema. “Nimemweka juu dakika nne nzima. Na yeye umwambie akafanye ule mtihani.”