Sifa za Wi-Fi ya Mapokezi

Miongoni mwa vitu vyote ambavyo jiji kubwa humpa mgeni wake, hakuna kinacholaaniwa mapema kama Wi-Fi ya bure, yaani ule mtandao wa intaneti usiotumia waya ambao nyumba ya wageni au mgahawa huwawekea wateja bila kuwatoza fedha ya ziada. Mwenyeji huiona kuwa ni ya wageni, mgeni huiona kuwa ni ya watu wasio na bando, na wenye bando hawaioni kabisa. Dharau hiyo si ya haki. Katika nyumba za wageni za Kariakoo, Dar es Salaam, ambako wafanyabiashara kutoka Lubumbashi, Lusaka na Moroni hufikia wanapokuja kufunga mzigo, Wi-Fi ya mapokezi hutenda mema ambayo hakuna kampuni ya simu iliyowahi kuyaandika kwenye bango, na haifai yaendelee kupotea kwa kukosa mtetezi.

Wema wake wa kwanza ni kumfanya mgeni afungue kinywa. Mtu aliyeshuka basi usiku, akiwa na laini ya nchi yake isiyoshika chochote, anaweza kuchukua ufunguo na kupanda ngazi bila kuzungumza na mtu, lakini hawezi kulipata neno la siri la mtandao bila kuuliza. Neno hilo limeandikwa kwa peni kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya kaunta, wino umeshafifia, na haijulikani kama alama ya nne ni herufi O au ni sifuri. Dada wa mapokezi naye hana hakika, kwa hiyo husema, "Jaribu zote mbili, kaka," na kabla jaribio la tatu halijakataa ameshajua mgeni katoka wapi na kaja kununua nini, na mgeni naye ameshajua supu ya asubuhi iko wapi na ni mtaa gani asipite na begi mgongoni. Maelezo hayo hayapatikani kwenye ramani yoyote ya simu, hata kama mtandao ungekuwapo wa kuifungua.

Nyumba zinazopenda maendeleo zimeiondoa karatasi na kuweka ukurasa wa lango, yaani ukurasa unaojitokeza wenyewe kwenye simu na kuizuia kwenda popote mpaka mwenye simu ajaze anachoulizwa. Mara nyingi huulizwa namba ya simu ya hapa nchini, ili atumiwe tarakimu za uthibitisho kwa ujumbe mfupi. Na kwa kuwa anaitafuta Wi-Fi kwa sababu hiyo hiyo ya kutokuwa na namba ya hapa nchini, anakuwa ameelezwa kwa heshima zote kwamba mlango uko wazi kwa kila aliyekwisha kuingia. Chini ya ukurasa huo vipo vigezo na masharti, ambavyo kila mtu huvikubali na hakuna anayevisoma. Mwaka 2017 kampuni ya Purple ya Manchester, Uingereza, inayotoa huduma za Wi-Fi, ilichomeka kwa makusudi katika masharti yake kifungu kilichomtaka mtumiaji afanye saa 1,000 za kazi za kijamii, zikiwamo za kusafisha vyoo, na katika wiki mbili watu zaidi ya 22,000 waliridhia. Aliyeshtuka alikuwa mmoja tu. Halmashauri zinazohangaika kutafuta watu wa kujitolea siku za usafi zingefanya vizuri kuutafakari mfano huo.

Neno la siri likishakubali, linafuata somo la jiografia. Mtandao wa namna hii kwa kawaida husafiri kwa mawimbi ya redio ya masafa ya gigahezi 2.4, ambayo hudhoofishwa na kuta za zege, na vilevile na maji, nao mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji, hivyo watu watatu wakisimama mbele ya kisambazi, yaani kile kifaa chenye antena kinachoutoa mtandao hewani, wanatosha kumharibia mtu wa nne mazungumzo yake. Jiko la maikrowevu nalo hutumia masafa hayo hayo, kwa hiyo mpishi akipasha wali, barua pepe husita. Aliyepewa chumba cha ghorofa ya nne huligundua hilo ndani ya dakika chache, akateremka na kandambili zake hadi kwenye kona ya ngazi karibu na friji la soda, na hapo huwakuta wenzake: Mkongo wa vitenge, Mkomoro wa vyombo, Mzambia wa vipuri vya pikipiki. Swali la "Kwako inasoma?" huanzisha maongezi ambayo salamu peke yake isingeyaanzisha, na yakishaanza hufika kwenye bei za Mtaa wa Kongo na kwenye jina la wakala wa mizigo ambaye hachelewi. Mtandao uliowakutanisha, kwa wakati huo, haufanyi kazi.

Tena mwendo wake wa polepole, ukichunguzwa kitaalamu, ni adabu. Katika masafa hayo mna njia tatu tu ambazo kwa desturi hutumiwa bila kuingiliana, ya 1, ya 6 na ya 11, na katika mtaa wenye maghorofa yanayotazamana, kila ghorofa na visambazi vyake, njia hizo hugawanywa na simu zisizohesabika. Kanuni ya Wi-Fi huitaka kila simu isikilize kwanza; ikikuta nyingine inasema, inyamaze, isubiri kwa muda mfupi unaochaguliwa kwa kubahatisha, ndipo ijaribu tena. Huo ni ustaarabu ambao kituo cha daladala saa kumi na mbili jioni bado hakijaufikia, na mgeni anayepiga simu yake kofi kwa hasira anaiadhibu kwa kosa la kuwapisha wengine.

Hata hivyo wema mkubwa kuliko yote ni kumrudishia mtu mamlaka yake. Mfanyabiashara wa Lubumbashi amepiga picha kumi za vitenge na anataka mkewe, anayekaa dukani na kuwajua wateja, achague. Mtandao ungekuwa wa kasi, uteuzi ungefanyika moja kwa moja kwenye video, kila jora likigeuzwa na kurudishwa, na muuza duka akipoteza subira. Kwa Wi-Fi ya mapokezi picha ya kwanza huondoka, ya pili huzungusha kiduara, na nane zilizobaki hupanga foleni mpaka usiku wa manane. Kesho yake mume hununua kwa jicho lake mwenyewe, jambo ambalo huenda hajalifanya tangu alipooa. Picha zinapofika, robota limeshafungwa, na majibu ya nyumbani, yawe makali kiasi gani, hayawezi tena kubadili rangi.

Wapo watakaosema kwamba bando ni bora. Bando humpeleka mgeni kitandani peke yake, mlango umefungwa, akitazama mpira wa nchi aliyoikimbia kwa wiki moja. Wala kasi ya kununuliwa si ya kutegemewa sana: tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu upande wa kusini mwa pwani ya Afrika Mashariki, intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi kadhaa jirani, na aliyelipa na asiyelipa wakakaa ngazi moja wakiulizana kama inasoma.

Lipo pia suala la wezi, kwa maana si kazi ngumu kwa mtu mwovu kuweka kisambazi chake na kukipa jina lile lile la nyumba ya wageni. Kurasa nyingi za siku hizi husafirisha habari kwa usimbaji fiche, yaani zikiwa zimefumbwa zisisomeke njiani, lakini ukurasa bandia unaoomba namba ya siri ya benki hauna haja ya kufumbua chochote. Hapa nako Wi-Fi ya mapokezi hujilinda kwa namna yake: ukurasa wa benki hushindwa kufunguka, uwe wa kweli au wa bandia.

Kwa hiyo wenye nyumba za wageni wa Kariakoo wanaombwa wasinunue kisambazi cha pili, wasipeleke waya ghorofa ya nne, na karatasi ya neno la siri waiache ilivyo. Mgeni mwenye haraka atamkuta wakala wa laini nje mlangoni, chini ya mwavuli. Atakachotakiwa kuwa nacho ni pasipoti na alama za vidole vyake.