Masazo ya Samaki

Fedheha iliyonipata jana baada ya sala ya alasiri, hapa mtaani kwetu Makupa, mbele ya kina mama, watoto, hamali wa mkokoteni wa maji na wazee wawili waliokuwa wakicheza bao, ingali moto kifuani mwangu, wala sidhani kama itapoa kabla ya Ramadhani. Niliitwa nishuke ngazi. Chini ya ule mpira mwembamba utokao dirishani kwangu na kuteremka ukutani hadi mtaroni, nilikuta ndoo, madebe na sufuria zimepangwa safu, na kando ya safu hiyo, juu ya kiti cha plastiki, ameketi bibi mmoja ambaye umri wake na ulimi wake huheshimiwa kuanzia kwetu hadi Majengo.

“Nambia, mwanangu,” akaanza, kwa sauti ya upole iliyonitia hofu, “maji haya yana ugonjwa?”

“La, bibi.”

“Yanuka?”

“Hayanuki.”

“Basi wayamwagiani?”

Nikajibu, kwa taadhima yote niliyoweza kuikusanya, kuwa hayo ni masazo ya mtambo unaosafisha maji ya samaki wangu.

“Yaani samaki wamekunywa, wakasaza?”

Wazee wakaacha bao. Hamali, ambaye kila mtungi wa lita 20 anaotuuzia hupanda bei siku mifereji inapokauka, akacheka hata akashika gurudumu la mkokoteni wake. Bibi hakucheka.

“Na samaki wenyewe waliwa?”

“La, bibi. Watazamwa.”

“Haya,” akasema, akiwageukia kina mama, “mwasikia? Yeye atazama samaki, na sisi mifereji yetu yatoa upepo.”

Laiti ningalipewa fursa ya kujitetea, ningalianza na jambo ambalo watu wengi hawalisadiki, kwamba mtu akaaye kisiwani na kufuga samaki wa matumbawe waliozaliwa katika maji ya chumvi ana haja kubwa zaidi ya maji yasiyo na chumvi hata chembe. Joto la Mombasa hufukiza maji ya hodhi la kioo usiku na mchana, na maji yapaapo huiacha chumvi nyuma, hivyo ukijazia maji ya bahari unazidisha chumvi juu ya chumvi, na samaki watakufa wakiwa ndani ya kitu kile kile kilichowalea. Maji ya kisima hayafai, maana kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, ambao huyatia chokaa, na vyoo vya shimo vya karne nzima vimeyatia nitreti, ambayo katika hodhi hulisha mwani ukatanda mpaka samaki hawaonekani. Hata maji ya bomba huja na vitu vilivyoyeyuka ndani yake ambavyo jicho halivioni. Ndipo nikanunua mtambo wa osmosi kinyume.

Hapa naomba msomaji anistahimilie, kwa kuwa jambo lenyewe ni la ajabu. Mwaka 1748 kasisi wa Kifaransa, Jean-Antoine Nollet, alijaza chupa mvinyo mkali, akaifunga mdomo kwa kibofu cha nguruwe (mnyama ambaye sikuthubutu kumtaja mbele ya bibi), kisha akaizamisha majini. Maji yakapenya kibofu yakaingia chupani, na kibofu kikavimba. Hiyo ndiyo tabia ya maji: yakikuta utando unaoyapitisha na kuzuia kilichoyeyuka, huvuka kutoka upande ulio safi kwenda upande uliokolea. Kuyarudisha nyuma yaiache chumvi yao ni kuyalazimisha yaende kinyume cha maumbile, na kwa maji ya bahari kunahitajika nguvu ipatayo mara 27 ya kani ya hewa ituelemeayo, tena hapo ndipo yamekubali kusimama tu, hayajaanza kurudi. Utando wa kufaa kazi hiyo ulitengenezwa karibu na mwaka 1960 na Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na mwaka 1965 mji mdogo wa Coalinga ukaanza kunywa maji yaliyopita humo. Maji ya bomba hayadai nguvu nyingi hivyo, ila mfereji wa Makupa hautoi hata hiyo kidogo, nami nikalazimika kuongeza pampu.

Na masazo? Utando hauli chumvi; huizuia tu mlangoni. Chumvi ikiachwa pale hurundikana na kugandamana, na utando ukaziba kabisa. Kwa hiyo sharti maji mengine yapite mbele yake mfululizo, yakiisukuma nje. Katika mtambo mdogo kama wangu, ndoo tano zikiingia, moja hutoka safi na nne huteremka mtaroni, zikiwa zimebeba chumvi ya zote tano. Piga hesabu: ni maji yale yale ya bomba, yaliyokolea robo zaidi. Yafua, yaosha vyombo, yapiga deki. Bibi aliigundua hesabu hii kwa ulimi wake, bila ya kemia, wiki nyingi kabla sijaitwa.

Lakini kuna jambo moja linalonikera kwa dhati, wala silitanii. Mvua inyeshayo vilima vya Chyulu huzama katika majivu na mawe ya volkeno, ikachujwa chini kwa chini bila ya pampu wala utando, ikatokeza ikiwa maji safi katika chemchemi za Mzima, Tsavo, ambako viboko huogelea. Na tangu miaka ya 1950 bomba la zaidi ya kilomita 200 huyaleta maji hayo pwani. Ndugu zetu walioko Maskati hunywa maji yaliyotolewa baharini kwa mitambo mikubwa na hawajui mtungi ni nini. Hapa kwetu daraja jipya la Makupa lilifunguliwa mwaka 2022, likachukua nafasi ya tuta la zama za Mwingereza, ili maji ya bahari yapate kupita huku na huku bila kizuizi, na yanapita vizuri sana. Yanywekayo hayajapatiwa njia. Mama mwenye watoto watano hungoja tone la mpira wangu, na watu wakaona ajabu iko kwa samaki.

Mikasa mingine ya hodhi hili si ya kusimulia. Dereva wa tuktuk aliyenibebea mitungi ya maji ya bahari kutoka ufukweni, upande wa Mama Ngina, aliniuliza, kwa adabu, ni nani nyumbani aliyepagawa. Usiku mmoja ndoo ilifurika, ikateremkia kitanda cha jirani wa chini, ambaye sasa hunisalimu kwa kidevu.

Hukumu ya bibi ilikuwa kwamba mpira usiondolewe, ila usifungwe bila ya taarifa. Leo alfajiri nimegongewa mlango na mtoto mwenye debe: “Shikamoo. Bibi asema uwashe samaki.”

Nikawasha. Kulipopambazuka nikaenda kulalamikia ankara, kwa kuwa mita yangu huzunguka hata mfereji unapotoa upepo mtupu. Karani akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akauliza nauza maji tangu lini. Nikamweleza habari ya utando, ya chumvi na ya ndoo nne kwa moja. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua kalamu akanihamishia kwenye kiwango cha biashara.