Ukitembea kwa Afya, Mtaa Unataka Sababu

Mtaani kwetu Tabata mtu mzima hatembei bila sababu. Anakwenda gengeni, anatoka msibani, anamsaka fundi aliyetokomea na kitambaa chake cha suruali. Ukisema unatembea tu, kwa ajili ya afya, mtu anakutazama usoni, anashuka hadi kwenye viatu, kisha anauliza kwa upole kama nyumbani kwema.

Mimi nilianza baada ya daktari kunipima presha, akaitazama ile namba, akanyamaza, akapima tena. Ushauri wake ulikuwa ule ule wa Shirika la Afya Duniani: dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Gawanya kwa siku tano, unapata nusu saa. Hesabu nzuri, ila shirika halikujumlisha salamu. Huwezi kumpita mzee wa nyumba ya kona kwa mwendo wa mazoezi. Utasimama, utatoa shikamoo, utaulizwa watoto, utaulizwa kazi, utaelezwa mgonjwa aliyeruhusiwa jana na mwingine aliyelazwa leo. Ukiachiwa, jasho limeshakauka na mapigo ya moyo yamerudi kitandani.

Halafu kuna kijiwe cha bodaboda.

"Anko, twende."

"Hapana, nafanya mazoezi."

"Buku tu, anko."

"Nafanya mazoezi, kijana."

"Haya, lete mia tano."

Katika biashara yao hakuna anayekataa kupanda, kuna anayepatana. Kila nikitaja mazoezi, bei inashuka. Kuna asubuhi mmoja alizima pikipiki, akanisogelea na kuniambia kwa sauti ya chini: "Panda tu, anko. Utanilipa mambo yakikaa sawa." Huruma ile iliniuma kuliko magoti.

Simu yangu nayo ilikuwa ikinidai hatua 10,000 kwa siku. Nilidhani ni amri ya madaktari, mpaka niliposoma kwamba idadi hiyo ilienea kutokana na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo. Yaani ni namba ya dukani. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019 kuhusu wanawake wazee uliona kwamba faida hazikuendelea kuongezeka baada ya hatua kama 7,500. Mimi si mwanamke mzee wa Marekani, lakini nilijirejeshea hatua 2,500 papo hapo, nikazitumia kukaa.

Sukari ilikuwa kesi nyingine. Kwa shangazi yangu chai ya maziwa inatiwa sukari ikiwa bado jikoni, kwa kipimo chake yeye, na kipimo chake hakijawahi kukutana na daktari. Niliomba ya kwangu isiyo na sukari. Akaweka birika chini.

"Baba, imekuanza lini?"

"Nini, shangazi?"

"Hiyo sukari."

Nikaapa kwamba sina kisukari, naogopa kukipata. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikiliza uongo wa mgonjwa. Kufika jioni ndugu wa Tanga wameshapiga simu: mmoja anasifia mlonge, mwingine maji ya bamia, wa tatu anataka kujua nani ataangalia shamba.

Baadaye kitambi kilianza kupungua, na hapo ndipo nilipopewa pole rasmi. Kwetu mtu akinenepa, maisha yamemkubali. Akipungua, kuna jambo. Kikao cha genge kiligawanyika: wengine walisema ndoa, wengine walisema nimechukua mkopo wa kausha damu. Hakuna hata mmoja aliyesema mchicha.

Watafiti wa University College London waliwahi kufuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya, wakakadiria kwamba tabia hukomaa kwa wastani wa siku 66, ila tofauti ni kubwa: kuanzia siku 18 hadi 254. Yule wa siku 254, nadhani, ana shangazi.

Ukombozi wangu umetoka kwenye klabu ya mbio ya mtaa. Watu wale wale walionipa pole hutoka vibarazani kushangilia tunapopita na mchakamchaka, tunaimba, tumevaa fulana za rangi moja. Bodaboda wanatupisha. Hakuna anayeuliza kama nyumbani kwema. Anayekimbia peke yake ana matatizo. Wakikimbia arobaini wana katiba na mweka hazina.

Karibu Jumamosi, tunaanza saa kumi na mbili asubuhi. Supu baada ya mbio kila mtu anajilipia, na chapati usizidishe moja, mweka hazina anahesabu. Ila uje na fulana ya njano. Ukija na rangi nyingine, wataanza kukuuliza.