Mtini Uliovaa Soksi

Mtaani kwetu Tanga kila mtu anaujua mtini, na karibu hakuna aliyewahi kuuona. Mtu huyohuyo ukimsimamisha mbele ya mpera atakueleza kabla hajavua kofia kama mapera yake ni mekundu ndani au meupe, na kama yana wadudu. Lakini mtini anaujua kwa sifa tu, kama anavyomjua Malaika Jibrili. Waislamu tumeusikia madrasa, katika sura ya 95 ya Qurani iliyoitwa kwa jina lake. Wakristo wameusikia kwa Adamu na Hawa, kwa ule mti ambao Yesu aliulaani ukanyauka, na kwa Zakayo. Ingawa Zakayo maskini alipanda mkuyu, ambao ni ndugu wa mtini kwa ukoo lakini kila mmoja ana nyumba yake.

Kwa hiyo mche wangu ulipotoa yale majani mapana yenye vidole, nilianza kupokea wageni wasionihusu. Hodi inapigwa, naitikia, na kabla sijaulizwa habari za asubuhi naulizwa, "Upo?" Anayeulizwa si mimi.

Mche niliununua kwa muuza miche wa kando ya barabara, mtu mwenye maneno matamu kuliko tunda lolote aliloliuza. "Huu ndio wenyewe, mzee wangu. Wa kwenye vitabu." Nani abishane na vitabu? Siku hiyohiyo akaniuzia na mpapai, akaniapia kwamba ni jike. Sasa mpapai hauonyeshi jinsia yake mpaka uchanue, na huu ulikuwa bado kwenye kiriba, una urefu wa shibiri moja. Ulipochanua ukaning'iniza vishada vya maua kwenye vikonyo virefu: dume kamili. Mtaa ukaleta tiba. Fundi seremala wa nyumba ya tatu akaja na msumari wa inchi nne, akaupigilia kwenye shina bila kuomba ruhusa, kwa hoja kwamba mpapai ukiguswa na chuma hushtuka ukageuka. Mwingine akataka tuukate kichwa. Bibi mmoja aliyekuwa anapita zake akashauri tuuvishe kanga, uone haya. Mpapai haukushtuka wala haukuona haya. Ni dume mpaka leo, nyuki wanaupenda, na ule msumari tunafungia kamba ya kuanikia nguo.

Mtini haukuwa na shaka ya jinsia. Shida yake ilikuwa majani. Mtaa wetu una tabia ya kuula mti kuanzia juu. Hilo tulilithibitisha mwaka 2020, wakati wa kujifukiza kwa ajili ya korona, mlimao wetu uliponyonyolewa ukabaki miiba, mpera ukafuatia, na mchaichai ukaondoka na mizizi yake. Kila aliyekuja alitaka "majani mawili matatu tu", na akaja na ndoo. Sasa mtini ulipotokea, watu walewale wakarudi na vifuko. Majani ya mtini, wakasema, ni dawa ya sukari, ya presha, ya mgongo, na kwa maelezo ya mzee mmoja mwenye wake wawili, ya jambo jingine ambalo alininong'oneza sikioni huku akitazama nyuma. Ya dawa mimi siyasemei. Najua tu kwamba mti unapikia chakula chake majanini, na aliyebomolewa jiko usimdai pilau.

Lakini hakuna aliyeyadai majani yangu kwa haki kubwa kuliko jirani yangu wa kushoto, mwalimu wa Shule ya Jumapili. Alikuja jioni na daftari. Watoto wake walikuwa wanaandaa igizo la bustani ya Edeni, na miaka yote Adamu na Hawa walikuwa wakivishwa majani ya mgomba.

"Sasa jirani," akasema, "Mungu katuletea mtini ukutani. Tukivaa tena mgomba tutamwambia nini?"

Nilimwonya. Jani la mtini lina vinyweleo vikavu vinavyokwaruza, na ukilikata kikonyo linatoa utomvu mweupe ambao si wa kuchezea. Utomvu huo una kimeng'enya kinachovunjavunja protini. Watu wa kale waligandishia maziwa ili kutengeneza jibini. Tena una kemikali zinazoifanya ngozi ibabuke ikipigwa na jua. Yote nikamweleza, mpaka ya jibini. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Adamu na Hawa walivaa, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba walilalamika." Nikampa ngazi.

Igizo lilifanyika uwanjani, jua la saa sita utosini. Adamu, mwanafunzi wa darasa la tano, alivaa mkanda wa majani juu ya kaptura na shada jingine shingoni. Hawa vilevile, juu ya gauni. Tunda lenyewe lilikuwa embe dodo, maana tufaha ni ghali na Biblia haikulitaja. Mwanzo ulikwenda vizuri. Walipofika kwenye ushawishi, mkono mmoja wa Adamu ulikuwa umehamia mgongoni. Hawa alijikuna kwa staha, akitumia kikonyo cha embe. Nyoka peke yake, aliyevaa gunia, ndiye aliyekuwa na raha zake. Kisha sauti ikatoka kwenye spika, nzito, ikauliza: Adamu, uko wapi? Na Adamu, badala ya maneno aliyokaririshwa, akajibu kwa kilio kilichotoka moyoni, "Mwalimu, inawasha!"

Waumini wakapiga makofi. Walidhani ndiyo majuto. Mzee mmoja wa kanisa, tuliyekuwa tumekaa benchi moja, akaniinamia akasema kwamba tangu abatizwe hakuwahi kuelewa kwa nini Mungu aliwashonea wale wawili nguo za ngozi kabla ya kuwafukuza, na leo ameelewa.

Baada ya hapo heshima ya mti ikapanda. Ukishaweza kumwasha Adamu, wewe ni wa kwenye vitabu kweli. Aliyebaki na mashaka ni shemeji yangu, ambaye amesoma mahali kwamba ndani ya kila tini kuna nyigu aliyekufa. Alitangaza habari hiyo sebuleni, mbele ya sahani, na mikono yote ikarudi. Basi ikanibidi nitoe darsa. Tini ni maua yaliyojificha, yamegeukia ndani, na kuna aina za mitini ambazo nyigu mdogo sana lazima aingie kwa tundu la chini ili zizae. Hiyo ndiyo tabia ya mkuyu. Pasua kuyu la porini uone kundi linavyotoka. Lakini mitini mingi ya nyumbani inazaa yenyewe bila mgeni yeyote kuingia. Tini kavu kabisa zilizochimbuliwa Gilgal, katika bonde la Yordani, zina umri wa zaidi ya miaka 11,000, na watafiti walioziandika mwaka 2006 walisema ni za aina hiyo, isiyoenea ila mtu akate tawi akalichomeke ardhini. Shemeji akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama huyo nyigu akiingia kwa bahati mbaya anakuwa amechinjwa au hakuchinjwa. Sahani ikarudi jikoni.

Hata hivyo wasiwasi wake ulikuwa wa mapema, kwa sababu tini za kubishania zilikuwa chache. Joto la kwetu linaudanganya mtini. Huko ulikozoea kuna baridi ya kuuambia ulale na uamke. Hapa hakuna wa kuuambia lolote, basi unazaa kidogo Januari, kidogo Agosti, na masika yakikukuta na tini zinakaribia kuiva, zinanywa maji zinapasuka, zinachacha juu ya mti. Zaidi ya yote, tini haivundikwi. Hili mama mkwe wangu hakulikubali. Mwanamke aliyevundika ndizi na maembe ya kijiji kizima hawezi kuambiwa na mkwewe kwamba kuna tunda lisilosikia amri. Alizichuma zikiwa zimekomaa, ngumu, akazizika kwenye pipa la mchele. Alipozifukua zilikuwa zimesinyaa, hazikulainika, na zilidunda. Akazitazama kwa muda. "Hizi," akasema, "zimefundwa vibaya."

Tini lazima iivie mtini, mpaka shingo ilegee yenyewe iiname. Na siku inayoinama, wewe si wa kwanza kujua. Wa kwanza ni kunguru, hawa wa Kihindi ambao waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wasaidie kusafisha taka na mpaka sasa hawajapokea barua ya kustaafu. Kunguru hali tini nzima. Anaidonoa moja mara moja, anaionja, anahamia nyingine, utafikiri anakagua hoteli. Mke wangu ndiye aliyepata dawa: soksi. Nyumba yenye watoto wa shule haikosi soksi zisizo na mwenzake, na tini inaingia humo vizuri ikafungwa kwa uzi. Mti ukajaa soksi nyeupe. Kunguru wakashangaa, wakahama.

Waliohama pamoja nao ni watoto wa mtaa, ambao sikuwa nimewategemea. Tanga ni Tanga. Mti unaotajwa kwenye Qurani na Biblia, uliomwadhibu Adamu hadharani, sasa umefungwa vitambaa vyeupe kwa uzi. Hakuna mtoto aliyehitaji kuelezwa. Walikuwa wakipita ukutani kwetu mwendo wa haraka. Kuna mtu mzima, simtaji, aliyenivuta pembeni akaniuliza kwa upole nimezifunga kwa ajili ya nani. Nilipomwambia ni kwa ajili ya kunguru alicheka sana, kicheko cha mtu asiyeamini, na toka siku hiyo ananisalimia kwa "shikamoo" ingawa tumelingana.

Komba hakutishika. Komba ni mnyama anayepanda minazi usiku akanywe tembo la mgema kwenye kibuyu chake. Soksi kwake ni nini? Alikuja, akalia kile kilio chake cha kitoto kilichomfanya shemeji asome dua zote anazozijua, kisha akavua soksi moja moja, akala kilichokuwemo. Asubuhi tuliziona zimetapakaa juu ya bati la mwalimu wa Shule ya Jumapili. Alizirudisha zimefuliwa.

Katika hali hiyo ungetegemea mti wenyewe uwe dhaifu. Kumbe hapana. Udongo wetu ni mchanga, na kwenye mchanga wa joto kuna minyoo wadogo wasioonekana kwa macho wanaoingia mizizini mwa mtini na kuitia vinundu, mpaka mti unadumaa. Wakulima wa nchi za joto wanashauri uweke samadi nyingi, ufunike shina kwa majani makavu, au uupande karibu na ukuta wa nyumba ili mizizi ikimbilie chini ya msingi. Nilifuata yote matatu, na ukuta niliouchagua ni wa upande wa choo. Mti ukashamiri ajabu. Tini chache zilizoponea kunguru na komba zilikuwa na ukubwa na utamu ambao mama mkwe, licha ya lile pipa la mchele, aliusifu mbele ya wageni.

Kisha choo kikaanza kukataa. Ukivuta, maji yanapanda badala ya kushuka. Fundi bomba akaja, akafunua chemba, akaingiza mkono, akatoa mzizi. Akatoa mwingine. Akaendelea kutoa mpaka akaomba mtu wa kumsaidia kuvuta, na kile kilichorundikana uani kingetosha kusuka mkeka. Sisi wengine tulikuwa kimya, tukipiga hesabu ya tini tulizokula. Shemeji ndiye aliyesema kwa sauti, "Kwa hiyo utamu ule wote..." Hakumaliza. Alikwenda kusukutua.

Mama mkwe akabaki amekaa kwenye kiti chake cha uani, kikombe cha chai mkononi. "Na mchicha mnaokula mkienda Dar," akauliza, "mnadhani unamwagiliwa zamzam?" Akaagiza aletewe ile moja iliyobaki kwenye soksi.

Fundi alisafisha bomba, akafunika chemba, tukapatana bei. Nilipompa pesa hakuondoka. Akawa anautazama mti juu mpaka chini, akaniuliza kama ndio ule wa kwenye vitabu, na kama ni kweli unaota kwa tawi tu. Nikamkatia tawi. Akaomba na mengine, akayafunga vizuri nyuma ya pikipiki pamoja na vifaa vyake. Nikamwuliza ana kiwanja kikubwa kiasi gani.

"Mimi nimepanga chumba, mzee," akasema. "Haya nawagawia wateja."